Safu Mbili

Daftari la zamani halikuwa na kinyongo na mtu.
Gunia bila mwenyewe, lilimeza.
Kilo hasi arobaini na nane, lilimeza,
kana kwamba karafuu hupimwa kuelekea chini ya sakafu.
Msimu ukaisha, wakulima wakaja na haki zao,
sisi tukawafunulia kurasa.

Hapa Wete, ghala la nyuma ya soko:
feni moja, mzani mmoja,
kompyuta yenye vumbi la makonyo katikati ya herufi.
Mimi, Mize, nikakaa nijenge majedwali.

Nilianza na majina, nikakwama na majina.
Faki Kombo Faki wa Kangagani.
Faki Kombo Faki wa Kangagani, mwenye sikio zito.
Faki Kombo Faki, shemeji wa huyo wa pili,
aliyelipwa mwaka juzi fedha za wa kwanza
akazijengea banda la mbuzi, kwa nia safi kabisa.
Jina ni dua ya wazazi, si ufunguo.
Nikawapa namba: 1107, 1108, 1131,
isiyorudiwa, isiyoachwa wazi,
isiyobadilika mtu akihama, akioa, akinyoa ndevu.
"Umenifanya mfungwa," alisema 1108.
Nikamjibu kwa kelele, upande wa sikio zima:
mfungwa hupewa namba apotee,
wewe umepewa upatikane.

Kisha magunia.
Kila gunia hubeba namba ya mwenyewe,
ufunguo wa kigeni; na mgeni hapokewi hivi hivi,
ataje nyumba aliyotoka, na nyumba iwepo.
Kijana kaja na baiskeli. Gunia la nani?
"La bibi." Bibi nani? "Bibi tu."
Mashine ikagoma, nami nikagoma nayo.
Akarudi Mtambwe, akamleta bibi mwenyewe
juu ya keria, kitambulisho kakibana kwa meno.
Kwanza mtu, ndipo mzigo.
Mzani, miaka yote ile, haukulijua hilo.

Nikajiona bingwa wa masharti.
Uzito uzidi sifuri. Unyevu usipite kiwango.
Jina la baba: lazima.
Mpaka Chumu akasimama dirishani,
vidole vyeusi kwa kuchambua.
Nikauliza la baba. Akautazama mzani.
Nikauliza tena, na foleni nyuma yake ikanyamaza
kimya kile cha watu wanaojua.
Usiku ule nililing'oa kwa mstari mmoja.
Masharti mengine hulinda hesabu;
lile lilikuwa umbea uliovaa koti la kazi.

Mwezi wa kumi na mbili 1107 akafa,
si kwa kuanguka mkarafuuni,
kitandani, homa ya siku tatu.
Akaja mwanawe, Shaame:
"Mtoe kwenye orodha. Jana mmemwita kwa kipaza sauti,
mama alikuwa sokoni, akageuka kumtafuta."
Nikaandika: futa.
Mashine ikakataa.
Namba hii ina magunia yanayoitegemea.
Saba. Mawili hayajalipwa.

Lipo neno moja. Ningeliongeza tu,
angeondoka na vyote vilivyomfuata,
gunia, risiti, unyevu wa kila siku aliyoanika,
safi, kama jamvi lililokung'utwa.
Kidole kilikuwa juu ya kibonye.
Shaame alikuwa akisoma bango la bei.

Sikuliongeza.
Yale mawili nikayalipa kwa warithi, kwa hati ya kadhi,
wanne wakatia sahihi, mmoja dole gumba.

Katika jedwali la watu safu mbili tu
nimeziruhusu ziwe tupu:
ile ya jina la baba,
na ya mwisho kabisa, tarehe ya kufariki.
Nikaijaza ya 1107.
Chini yake, 1108, tupu.
1131, tupu.
1140, Chumu:
tupu, na tupu.
Nikahifadhi, nikamwita anayefuata.