Farasi Hukaa Mbele

Daftari la shangazi Dieudonnée linanuka grisi hadi leo.
Ukurasa wa kwanza, Machi 1908:
"Tumenunua paa na kuta tatu. Ukuta wa nne tutajenga."
Haukujengwa.
Walitundika turubai, na baridi ya Herstal
ikawa inaripoti kazini kabla ya mafundi.

Baba mkubwa Walthère alikuwa mtu wa mitutu ya bunduki.
Alikijua chuma kama mwokaji ajuavyo unga,
kwa kidole gumba, macho amefumba.
Siku moja akamtazama farasi wa muuza makaa
akipanda mlima wa Sainte-Walburge,
anavuta, hasukumi.
Usiku ule hakula.
"Farasi hukaa mbele," akasema. "Wajinga ni sisi."

Basi gari lao likavutwa na magurudumu ya mbele.
Breki nne, wakati jirani zao waliona mbili ni anasa.
Mji ukacheka:
tazameni mkokoteni uliomeza punda wake!

Wakili Mathot alinunua namba sita.
Akakanyaga breki mbele ya kanisa.
Gari likasimama, yeye hakusimama;
akatua juu ya meza ya muuza jibini, kofia ingali kichwani.
Shangazi akaandika kwa wino mwekundu:
"Lalamiko: linasimama kupita kiasi."

Kilichowaua si kicheko.
Ni viungo vya ekseli, vidogo kama ngumi ya mtoto,
vilivyokatika kwenye kona, kimoja baada ya kingine,
na baba mkubwa akivibadilisha bure,
usiku, kwa taa ya karabai,
kwa aibu ya fundi ambaye bunduki zake hazikuwahi kumrudia.
Haba na haba hujaza kibaba,
lakini kibaba chao kilitoboka chini.

Magari thelathini na nane.
La mwisho, mjane Crahay alilipa nusu.
Nusu nyingine tunamdai mpaka sasa, yeye na kaburi lake.

Novemba 1912 akaja Bwana Grandfils wa benki
na kipande cha chaki,
akichora msalaba kwenye kila mashine.
Shangazi akamwandalia kahawa. Sukari hakumpa.
Baba mkubwa alichungulia nje, akaona alichokuja nacho:
kigari chekundu, na farasi, mbele.
Akacheka mpaka akakaa sakafuni.
Hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Turubai halikupigwa chaki.
Nani huhesabu ukuta ambao haupo?
Shangazi alilikunja, akaliweka chini ya kitanda,
na Agosti ya mwaka wa kumi na nne,
mizinga ikiunguruma upande wa ngome,
likafunika mkokoteni uliotuvusha kuelekea Maastricht.

Nasema "uliotuvusha". Mimi nilizaliwa humo, njiani.
Mama alisema mvua ilinyesha safari nzima,
na halikuvuja.