Dakika Nne

Nahodha Muhenna wa Suri alikuja na sanduku kwapani,
akalitua juu ya meza yetu, Matrah, nyuma ya soko la samaki,
akasema: Mwongo huyu.

Fundi Gholamu hakumjibu. Alifunua kifuniko.
Saa ilikuwa imelala chali ndani ya pete mbili za shaba;
ukiliinamisha sanduku, yenyewe haiinami,
kama shingo ya mchota maji.

Nimeinunua Bombei, alisema nahodha, kwa bei ya mitende ishirini.
Nikaambiwa itanionyesha nilipo, mashariki na magharibi.
Kaskazini na kusini simhitaji mtu:
nina kibao changu na uzi wa mafundo,
nauma fundo, naipima Jaa,
na Jaa haijanidanganya tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi.
Lakini jua halina fundo la kuumwa.
Basi nikaiamini hii.
Siku tisa njiani, fundi, siku tisa tanga limejaa,
na kila siku, kwa hesabu yake,
mimi nipo palepale nilipokuwa jana!
Usiku wa kumi nikasikia Rasi Hadd inavunja mawimbi
mbele ya pua yangu.
Watu kumi na wanane. Tuliwahi kugeuza. Basi.

Umeifanyaje? aliuliza fundi.

Nimeitunza. Kila Magharibi, jua likizama,
naiweka saa kumi na mbili kamili,
kama yangu ya mfukoni, kama saa za Maskati nzima.
Saa ya mtu mstaarabu.

Nilicheka. Fundi akanipiga kibano cha vidole.

Hii, alisema taratibu, haina habari na jua lako.
Imebeba saa ya mji mwingine, Grinichi huko,
imeibeba kama amana.
Kila jioni wewe unaipokonya amana,
asubuhi unaiuliza: iko wapi?
Ile tofauti uliyokuwa ukiifuta
ndiyo njia uliyokwenda.
Dakika nne, daraja moja.

Nahodha alitazama mkono wake wa kulia,
ule wa kuzungusha.
Hata ikionekana imekosea?

Hasa ikionekana imekosea.

Alilipa, akasahau viatu mlangoni, akavirudia.

Usiku nilipiga hesabu juu ya karatasi ya kufungia halua.
Kutoka Unguja mpaka hapa
daraja kumi na tisa na ushei:
saa moja na dakika kumi na nane.
Muadhini wa hapa anakohoa, tayari kwa Adhuhuri,
na mama, Malindi, hajainjika hata chungu.

Ninayo saa ya marehemu baba.
Niliitia majira adhuhuri ile niliyoondoka
na sijaigusa ila kuipa ufunguo.
Jirani zangu wananiuliza, Sleyum, saa yako ina homa?
Nami nilidhani ni uvivu wangu tu.

Nikaipima kwa ile kubwa ya ukutani, siku saba.
Inakimbia. Sekunde nane kwa siku,
mwezi ukiisha, dakika nne.

Daraja moja kila mwezi.
Miezi kumi na moja sasa:
kwa hesabu ya saa hii Unguja imeshang'oka,
inaelea katikati ya maji na vibaraza vyake,
na mama ndani yake anachambua mchele
asijue kwamba anakuja.
Miezi minane mingine, tisa ikizidi,
adhuhuri yake na yangu zitagongana hapa mlangoni.

Jaa tu ndiyo inayokataa.
Inasimama juu ya majabali ya Matrah kila usiku,
nyota ambayo mama hajaiona maishani mwake.

Fundi amesema, ilete hiyo saa nikuipunguzie mbio,
kazi ya nusu saa, sikutozi kitu.
Nimemwambia kesho.
Wiki ya tatu hii.