Mnoa Visu Anaulizwa Pa Kula

Umeniuliza, Elirehema, mshahara wa kwanza umeingia,
umpeleke wapi Nashipai.
Umemuuliza mtu wa ajabu. Mimi nanoa visu.
Miaka kumi na tisa naegesha baiskeli
nyuma ya majiko ya Arusha,
nakanyaga pedali, kinoo kinazunguka,
na menyu sijawahi kuonyeshwa.
Lakini kisu hakijui kuficha.

Kule Uhindini, kwa Mama Jayshree,
nanawa mikono kwanza, nasuuza kinoo mara tatu,
maana jana kilinoa cha bucha
na kisu chake hakijaijua damu tangu kiwandani.
Kinanuka binzari na giligilani,
mpini umekuwa njano kama kiini cha yai la kienyeji.
Harufu ya dengu zake hunisindikiza hadi Mnara wa Saa.

Bwana Lin wa Njiro anacho kimoja tu,
kipana kama jembe la palizi:
hicho hicho cha kitunguu saumu, hicho hicho cha bata.
Hanisemeshi. Anachukua gazeti, analipitisha kwenye makali,
likichanika bila sauti, ananilipa.
Nenda hapo ukiwa na njaa ya kweli,
si njaa ya kupiga picha.

Yule Muitalia wa kando ya Themi,
anayewasha mishumaa mchana kweupe,
huniletea kigurudumu cha kukatia pitsa.
Nilimwambia hiki si kisu, ni tairi.
Akacheka, akatoa noti. Mkate wake mzuri, nimeonja kingo.
Ila bei, mwanangu!
Pale utakata mshahara kabla hujakata chakula.

Kwa Mrombo usiniulize, unapajua kwa moshi.
Visu vya Lesikar vimeliwa na mbuzi,
kila msimu vinapungua, sasa vyembamba kama mwezi mwandamo.
Hataki vipya. Anasema kipya hakijui
pa kupita kwenye kiungo.
Nenda na washkaji. Usiende na mchumba
aliyevaa nguo nyeupe.

Aikaeli wa Ngarenaro, mwenye mtori na ndizi nyama,
kisu chake cheusi kwa utomvu,
jivu halikitakatishi, ndimu haikitakatishi.
Nikamuuliza, mama, si ununue kingine?
"Hiki nilitoka nacho Machame," akasema.
"Ndoa niliiacha huko huko."
Siku ile sikudai hela.
Akanipa bakuli. Nikanywa nimesimama,
na hilo bakuli silisimulii.

Iko na hoteli moja, ina walinzi wawili getini.
Kisu kikiwa butu wanatupa, wananunua kingine.
Siwasemi vibaya, kila mtu na biashara yake.
Ila nilikiokota kimoja jalalani, nikakipa makali,
mke wangu anakatia mchicha mpaka leo.

Sasa sikiliza, maana unatazama saa.
Ukivuka daraja la Kijenge, kuna Bi Tsehay, Mhabeshi.
Visu vyake vinne, na vyote ni vya vitunguu;
anakata beseni zima, machozi yanamtoka,
huku ananiuliza habari za wanangu kama kawaida.
Lakini visu vinaishia jikoni.
Mezani hakuna kisu. Hakuna uma, hakuna hata kijiko.
Sinia moja, mkate mpana wenye vitobo kama sega,
mkono wako na wa Nashipai, mpaka ikutane kwenye mchuzi.
Tena nasikia kuna kumegeana tonge,
unamtia mwenzio kinywani, na haruhusiwi kukataa.
Nasikia tu. Mimi niko uani, kinoo kinapiga kelele.

Mpeleke huko.
Vaa shati la mikono mifupi.
Ukirudi usinibebee mabaki, nyumbani kuna ugali.
Geti la nyuma ni la bluu, lina kitasa kibovu.
La mbele sijui.
Utaniambia.