Gari la Wazo

Chilumba kaja gereji baada ya mnada wa pili,
hela ya korosho bado ina joto la benki,
kaegesha Paso yake nyeupe chini ya turubai
akanisogezea simu hadi puani:
"Fundi Nandonde, nifanyie hivi."

Nikafuta mikono kwa petroli, nikatazama.
Gari dogo la kampuni kubwa,
kampuni ile ya wenye madereva na miavuli,
safari hii imeunda kitu kifupi,
kimejikunja kama paka anayetaka kuruka,
hakina vishikio vya mlango, hakina vioo vya pembeni,
ringi pana kama sinia la pilau,
kimewekwa juu ya sakafu inayong'aa, kinazungushwa polepole
kama mwali siku ya kutolewa ndani.

"Linauzwa bei gani?"
"Haliuzwi. Ni wazo tu."

Wazo! Miaka ishirini na sita niko hapa Masasi, mtaa wa Mkuti,
nimenyoosha bodi zilizopigwa na lori, na mbuzi, na ukuta wa msikiti,
sijapata kuletewa wazo lenye magurudumu manne.

Nikamwambia: Chilumba, sikia.
Hawa wakiunda dogo, wameamua.
Kubwa wanalo, limelala bandani.
Udogo wao ni wa kuchagua,
wetu tumepimiwa, kama mafuta ya kula dukani.

Akacheka. "Mwaka kesho watatoa na la kasi.
Nguvu mara mbili, mshono mwekundu kwenye usukani,
na herufi moja nyuma."
"Herufi moja inaongeza shilingi ngapi?"
"Mamilioni, fundi. Herufi ile si ya shule."

Tukaanza.
Mkia niliukata kwenye bati la friji lililofia Ndanda,
midomo ya ekzosi, mabomba ya pampu ya maji.
Usukani aliushona mzee Lipala, fundi viatu wa stendi,
kwa uzi ule ule wa kandambili.
Rangi ilinila siku tatu: nilitaka nyekundu ya bibo
alfajiri, kabla nyuki hawajalijua.
Herufi aliichora binti yangu Leonsia, kwa mkono, bila rula.
"Baba, herufi gani?"
Sikuwa na jibu.
Akaweka M. Ya Mkuti, alisema.

Injini hatukuigusa. Hela iliishia kwenye rangi.
Lilipowaka, mbuzi wa mama Nambunga walikata kamba:
sauti ya simba,
mwendo ule ule wa kwenda kununua chumvi.

Siku ya nne likarudi.
Kilima cha kupanda Newala kimelitia jiwe mdomoni,
bamba la mbele linaning'inia kwa waya mmoja,
na ndani ya buti madumu sita ya maji
aliyokuwa akimpelekea mama yake huko juu,
tone halijamwagika.
Nilidhani atalia. Macho yalikuwa yanamwaka.
"Nilipita basi, fundi!
Pale kwenye tambarare. Abiria wote walitoa vichwa."

Usiku ule usingizi ulinikataa.
Nikachukua chaki, nikauendea mlango wa bati wa gereji:
tumbo juu, kwa kipimo cha jiwe la Newala;
mlango mpana wa kumpitisha mgonjwa amelala;
nafasi ya madumu, si sita, kumi;
taa ya ndani inayokaa, mkunga aone anachoshika.
Mkia sikuweka.
Kisha nikauweka.
Mdogo tu.

Nilikuwa nimefika kwenye kibao cha namba, nimeandika T,
Leonsia akaja na chai, akasimama nyuma yangu,
akalowesha kidole kwa mate, akaifuta.
"La wazo halina namba," akasema.
Akaniwekea kikombe juu ya tairi
akarudi ndani,
na chaki yangu kaenda nayo.