Herufi Iliyorukwa

Nilipigilia leso mbili dirishani,
moja ya njano, nyingine imepauka,
nikaazima projekta ya kanisa
na spika ya naibu mwalimu mkuu
ambayo hukohoa kabla ya kusema.
Gredi ya sita, wanafunzi hamsini na mmoja,
jasho chini ya mabati ya Nyamasaria.

Muhula mzima tulikuwa tukichora chombo cha maua.
Kitabu ndicho kilichotaka:
chombo chembamba, shingo ndefu, waridi tatu.
Mimi sijawahi kuingia nyumba yenye chombo hicho,
wala wao.
Walinakiliana, shingo ikirefuka
dawati hadi dawati, mpaka nyuma kabisa
chombo kikawa twiga.

Basi leo video. Nimeirekodi kwa simu yangu
Jumamosi mbili, nimechuchumaa vumbini
mbele ya kibanda cha Mama Abuya,
fundi Onditi akiandika ukutani.
Picha ikawaka juu ya ubao,
na kelele: "Si huyo ni babake Ogweno!"
"Huyo wa vibao!"
"Huyo anadaiwa sukari dukani kwetu!"
Ogweno akazama ndani ya kola yake.

Lakini mkono ule ulipoanza kazi
darasa likanyamaza kidogo kidogo
kama mvua inavyoliacha bati.
Waliona buluu ikizaliwa kwenye kopo la mafuta ya kupikia,
masalio ya rangi ya geti la mtu,
tone la nyeupe, kijiti kikizunguka.
Waliona uzi wa chaki ukivutwa, ukaachiliwa,
tap!
na mstari umenyooka kuliko rula zote za shule.
Waliona anavyobana pumzi akipinda mgongo wa C,
anavyoiachilia akifika mwisho.
CHAKULA TAYARI.
Dakika sita. Wakapiga makofi.

Nikauliza maswali niliyoyaandaa:
msanii ametumia rangi zipi?
Mizania ni nini?
Mkono mmoja ukainuka kutoka kwenye ile kola.
"Mwalimu, umetoa mahali baba alikosea."

Ningesema nini? Kwamba nilitaka apendeze?

"Aliandika TAYRI. Aliruka A.
Mimi ndiye nilishika ngazi.
Alishuka, akaangalia, akacheka peke yake,
akasema kwa Kijaluo, ukuta umekula herufi yangu.
Kisha akachukua kitambaa na mafuta ya taa.
Hiyo ndiyo kazi ngumu, mwalimu.
Kufuta bila kuchafua."

Vipande nilivyokata vilikuwa bado simuni,
dakika kumi na moja nilizokuwa nimeziita takataka.
Nikavionyesha vikiwa vibichi:
kitambaa kikitoka nje kuingia ndani, kamwe si kinyume,
buluu ikitiririka, ikidakwa kabla haijafika chini,
fundi akingoja ukuta ukauke, akitafuna muwa,
akimwambia mtoto asiyeonekana
asogeze ngazi. Hapana, huku. Huku!

Safari hii hakuna aliyepiga makofi.
Walisogea mbele, wengine wakakaa sakafuni,
na Adongo, ambaye tangu Januari
hajaniuliza lolote ila ruhusa ya kwenda nje,
akasema, "Rudisha pale pa kitambaa."
Nikarudisha mara nne.
Mara ya tano stima ikaenda zake,
na Ogweno akasimama mbele ya ubao mtupu
akamalizia kwa mikono yake,
kwenye ile njano hafifu iliyopenya lesoni.

Chombo cha maua nimekistaafisha.
Jioni hupitia kwa Mama Abuya.
Saa kumi na moja, jua likiupiga ukuta ubavuni,
chini ya A utaiona R,
chini ya R utaiona I,
kila moja imesogea kidogo
kumpisha mwenzake aliyechelewa.

Chakula chenyewe, mara nyingi,
bado.