Makabidhiano

Kenga, kaa kiti cha kushoto. Ni chako sasa.
Usinionee haya. Barua niliyopewa haikutaja jina lako,
ilitaja "ufanisi", neno safi
kama bakuli lililooshwa mbele yako na hujashiba.

Nianze na breki. Ya kushoto huchelewa,
kama karani wa ardhi, mpaka uikumbushe mara mbili.
Geji ya tangi la kulia inadanganya.
Ikisema nusu, wewe sema robo.
Fundi Bakshuweni ameiandika kitabuni mara saba
na mara saba kitabu kimerudi na jibu:
Isubiri robo ijayo.
Robo ya tangi, robo ya mwaka.
Kazi hii itakufunza ipi huisha kwanza.

Kwa hiyo panda ngazi, fungua kifuniko,
tumbukiza kijiti, soma unyevu kwa macho yako.
Kijiti hakina mwajiri.

Mwaka juzi mkurugenzi alishuka kutoka Nairobi,
akatuketisha chini ya feni,
akachora ubaoni mstari unaopanda.
Kila lita msiyoichoma, alisema, ni uzito mnaoubeba bure.
Nikauliza: na mvua ikifunga Manda,
nikizunguka juu ya mikoko dakika arobaini,
nichome nini?
Akacheka. Ana meno mazuri.
Tangu siku hiyo zamu zangu zikaanza kukonda.

Sisi tulilipwa kwa saa ya injini.
Kusubiri juani, kubeba mabegi, kupangusa matapishi
ya mtoto wa watu, hayo ni mapenzi.
Wewe hata hiyo saa hulipwi. Nasikia umeinunua.
Saa mia tano.
Mama yako kauza kiwanja cha Mayungu,
kile chenye mikorosho sita,
akampelekea mhasibu fedha kwa awamu tatu.
Abiria kalipa, rubani kalipa.
Hata kinyozi wa Muyeye
hajamtoza kijana wake kwa kushika mkasi.

Sikulaumu. Kwa umri wako ningeuza figo.

Agosti alikuja Mtaliano mmoja na vigae vya marumaru,
makreti sita, vya bafu lake la Shela.
Nikapima, nikapiga hesabu, nikasema manne.
Akatazama saa yake. Simu ya ofisi ikalia.
Nikasema manne.
Makreti mawili yakabaki kwenye lami yakipigwa na jua
na wapakiaji wakayakalia wakinywa chai.
Kwenye faili langu wameandika:
kuchelewa, dakika ishirini na mbili.
Niliitafuta safu ya kuandika kwamba tulifika.
Haimo.

Ukipaa, utauona mto Sabaki ukitapika udongo baharini,
kahawia ndani ya buluu, haujachanganyika bado.
Kisha mashamba ya chumvi ya Gongoni,
meupe, miraba miraba, kama daftari la mtu mwenye deni.
Nimepita hapo miaka kumi na tisa
na kila mara nilimwambia abiria wa mbele, tazama,
na kila mara alikuwa akitazama simu.
Wewe tazama. Hiyo hawajaiwekea bei.

Haya, tia sahihi hapa kwamba umepokea
funguo, vitabu viwili, kizimamoto kimoja, ndege moja.
Kijiti hakimo orodhani.
Nilikichonga mwenyewe kwa mti wa mkoko,
alama nimezikata kwa kisu cha jikoni.
Mhasibu hakijui, na usimwonyeshe,
atauliza kinaingiza nini.

Watasema Kapteni Nyevu aliondoka na kinyongo.
Niliondoka na mkoba, viatu vya akiba
na chupa ya chai ambayo haijaisha.
Nitakuwa pale uzioni, kwa muuza madafu.
Usinipungie mkono. Sikutazami wewe,
naisikiliza injini.

Umeshapima tangi la kulia?
Pima tena.
Haya. Washa.