Nukta

Famau alipotokwa na muhina mara ya kwanza
tulilaumu jua, tukalaumu kidole.
Mara ya kumi tukamlaumu jirani.
Akawekewa barafu, akanusishwa siki, akasomewa,
na juzuu yake ina ukurasa
wenye tone lililokauka pembeni mwa aya.
Sijathubutu kulifuta.

Mimi ni mwalimu wa chuo, hapa Langoni.
Watoto wa watu huwaambia:
bee, tee, thee, umbo ni moja,
kinachozitenga ni nukta.
Ukiiacha nukta, mwanangu, hujasoma, umebahatisha.

Mwezi wa Rajabu niliacha kuhesabu foronya.
Kucha zake zilikuwa zimepauka,
na ngazi ya darini akiipanda kwa vituo viwili,
mtoto wa miaka kumi na mitatu.

Daktari Nyamvula alimulika tundu la kushoto, la kulia,
akasoma karatasi: damu ni sita.
Kisha akaizima taa, akanigeukia mimi.
"Na wewe mama, hutokwi?"
Utotoni, nikasema. Nani hatokwi?
Kwetu ni kawaida,
kama wengine walivyo na vidole virefu.

Akaniomba nishushe ninja.
Akabandika kipande cha kioo mdomoni pangu, akabonyeza:
doa jekundu likatoweka.
Akaachia, likarudi,
kama mtoto anayechungulia mlangoni.
Matano mdomoni, mawili ulimini, moja kidoleni.
Miaka nayatazama kila niwekapo wanja,
nayaita kuzeeka.

Si pua, akasema. Pua ni mlango tu.
Damu iendayo na damu irudiyo
zinakutana bila kiwambo baina yao,
na mishipa ya namna hiyo yaweza kuwa mapafuni,
yaweza kuwa ubongoni, imenyamaza.
Hurithiwa. Kila mtoto ni kurusha shilingi.
Akaandika barua ya Mombasa:
picha ya kifua, picha ya kichwa,
za Famau. Na zangu.

"Wazazi wako, walikufa na nini?"

Mama yuko hai, nikasema, anasuka mikeka.
Baba alianguka birikani akitia udhu.
Watu walisema kijicho.
Nami nilisema.

Usiku nikatoa kitambulisho chake sandukuni,
nikakisogeza chini ya taa,
nikautafuta mdomo.
Picha nyeusi na nyeupe.
Umbo lipo,
nukta hazionekani.

Nami, mwalimu, nikabahatisha.